Kinachoshika Kishungi

Ilikuwa Jumapili alasiri, nami nimejinyosha kitini na gazeti usoni, wakati mjukuu wangu wa miaka minne, ambaye mikono yake haijui mapumziko ila akiwa usingizini, alipoona ncha ya uzi imechomoza katika zulia la sebuleni, akaishika, akaivuta. Na uzi ule, badala ya kukatika au kugoma kama ambavyo mtu angetazamia, ukamfuata kwa utiifu, kitanzi baada ya kitanzi, kwa sauti ndogo kama ya mbegu zinazopasuka juani, hata nilipoinua macho mtoto alikuwa amekwisha kufika mlangoni, na nyuma yake sakafuni palikuwa na mstari mmoja mweupe, mnyoofu kama uliopigwa kwa rula. Nilikasirika, kama ilivyo desturi ya wenye mazulia. Kisha hasira ilipotulia nilipiga magoti niutazame ule mstari, na udadisi ukashika mahali pa ghadhabu. Kwa nini mstari mmoja tu? Kwa nini mnyoofu hivyo? Na ilikuwaje mistari jirani, wa kushoto na wa kulia, isalie imetulia kana kwamba haikupata habari ya msiba?

Kesho yake alikuja fundi, kijana mwenye kisu kiunoni na mabaka ya gundi vidoleni. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, njoo uone balaa la mjukuu." Akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya jeraha, akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, hili kapeti ni la kushonwa, si la kufumwa. Uzi ukichomoza usivutwe, hukatwa na mkasi." Kisha akainua pembe ya zulia, akaipinda mpaka mgongo wake ukatutazama, akaukwaruza kwa ukucha, na unga mweupe ukadondoka sakafuni kama vumbi la chaki. "Umeona? Gundi imechoka. Nyuzi hazina anayezishika."

Maneno yale mawili, kushonwa na kufumwa, ndiyo yaliyonitia katika utafiti ambao matokeo yake nayaweka mbele ya msomaji leo. Maana nilikuwa nimekaa juu ya mazulia umri wangu wote, nikayasalia, nikayalalia, nikayafagia, bila kupata kujiuliza hata siku moja ni kitu gani kinachoushika ule unyoya usichomoke.

Neno zulia tulilipokea kwa Waarabu, kama tulivyopokea busati, nao asili ya zulia waliitoa kwa Waajemi. Na katika zulia la asili la Uajemi au la Uturuki jawabu la swali langu ni jepesi, kwa kuwa kila kishungi kimefungwa kwa mkono, fundo moja moja, kikazungushwa katika nyuzi mbili za mtande, kisha mshindio ukapitishwa juu yake na kugongwa kwa kitana cha chuma mpaka pasipite hata pumzi. Zulia la namna hiyo ukilivuta uzi, utakata uzi, fundo halitoki. Waingereza nao, katika miji ya Kidderminster na Axminster, ambako Thomas Whitty alianza kufuma mwaka 1755, walijenga sifa yao juu ya mazulia ambayo unyoya wake umesukwa pamoja na kitambaa chake, mtande kwa mshindio, hata hapawezekani kusema kitambaa kinaishia wapi na manyoya yanaanzia wapi. Mkeka wetu pia, ingawa hauna manyoya, ni wa ukoo huohuo: chane za ukindu zinashikana zenyewe kwa zenyewe katika ukili, na kila chane ni mlinzi wa mwenziwe.

Zulia langu mimi si la ukoo huo. Ni la ukoo wa tarizi, na nasaba yake haiko Isfahani wala Kidderminster, bali katika kibanda cha shamba la Marekani.

Mwaka 1895, karibu na mji mdogo wa Dalton, kaskazini mwa jimbo la Georgia, chini ya milima ambayo ardhi yake ilikuwa na mawe mengi kuliko rutuba, msichana wa miaka 15 aitwaye Catherine Evans alijishonea kitandiko cha kitanda kwa kuiga cha kale alichokiona kimehifadhiwa kama urithi. Kitambaa alichotumia kilikuwa cha pamba nzito isiyopaushwa, ndicho kilekile ambacho babu zetu wa pwani walikiita merikani, kwa sababu kililetwa Unguja na marikebu za Wamarekani kabla yeye hajazaliwa. Hivyo msomaji akitaka kujua mwanzo wa zulia lake ulifananaje, na atafakari juu ya nguo ambayo bibi mzaa bibi yake alijifunga kifuani. Juu ya merikani hiyo Catherine alichora mapambo, akasokota nyuzi kadhaa za pamba kuwa uzi mmoja mnene, akautia katika sindano kubwa, akashona kwa hatua ndefu akiacha uzi ulegee juu ya kitambaa. Kisha akachukua mkasi akakata kila hatua katikati, na ncha zake zikachanua kama ua.

Mpaka hapo hapakuwa na kitu kilichoshika. Ungeweza kukichomoa kishungi kwa kucha mbili. Ndipo akalifanya lile jambo ambalo, kwa rai yangu, linastahili kuhesabiwa miongoni mwa hila nzuri za nyumbani: alikichemsha kitandiko chote katika maji, merikani mbichi ikarudi, kama ilivyo tabia ya pamba isiyopata maji bado, na iliporudi kila tundu la sindano likabana shingo ya kishungi kilichokuwa ndani yake. Pamba ilijifunga yenyewe. Akakianika juani, akakikung'uta upepo uchambue nyuzi, na kazi ikawa imekwisha. Mwaka 1900 aliuza kimoja kwa dola 2 na senti 50, na majirani waliposikia kwamba kuna fedha katika uzi na maji ya moto, wakaja kujifunza.

Yaliyofuata ni hadithi ya umaskini uliopata njia. Katika miaka ya 1920 na 1930 maelfu ya jamaa za mlimani, wanawake kwa wanaume, wazee kwa watoto, walikaa vibarazani wakishona vishungi usiku na mchana. Wachukuzi walipita na magari wakigawa vitambaa vilivyokwisha kupigwa alama, wakarudi baada ya siku kadhaa kukusanya vilivyoshonwa na kulipa ujira uliohesabiwa kwa kipande. Barabara kuu namba 41, iliyowapeleka matajiri wa kaskazini kwenye joto la Florida, ikapambwa pande zote mbili kwa kamba zilizotundikwa vitandiko vya kila rangi, na kwa kuwa pambo lililopendwa mno lilikuwa tausi aliyefunua mkia, watu waliiita barabara ile Kichochoro cha Tausi.

Mashine iliingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni ustadi: katika miaka ya 1930 mafundi wa Dalton, na anayetajwa zaidi ni Glen Looper, waliichukua cherehani ya Singer, wakaibadili iweze kupitisha uzi mnene bila kupasua kitambaa, wakaifungia kisu kidogo cha kukata kitanzi mara tu kinapozaliwa. Mlango wa pili ni sheria: mwaka 1938 Marekani ilipitisha kima cha chini cha ujira, senti 25 kwa saa, na matajiri waliokuwa wakilipa chini ya hapo kwa kazi ya kibarazani waliona ni nafuu kuwaita wanawake viwandani na kuwaweka mbele ya mashine zenye sindano moja, kisha nne, kisha nane, kisha ishirini na nne zilizopangwa safu. Mtu aliyeona sindano ishirini na nne zikishona kwa pamoja hakuhitaji elimu ya nyota kuona kwamba zikiongezwa mpaka zijaze upana wa chumba, kitakachotoka si kitandiko tena. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 mashine za upana wa futi 12, yaani mita 3.66, zilikuwa zinafanya kazi. Mwaka 1950 zulia la kushonwa lilikuwa takriban sehemu moja katika kumi ya mazulia yote yaliyofanywa Marekani. Leo hii mizani imepinduka, na lile la kufumwa ndilo lililobaki na sehemu ndogo isiyofika hata hiyo kumi.

Sasa tuingie kiwandani.

Uzi wa zulia la leo hautoki shambani. Pamba ya mwanzo ilikanyagika na kulala kama nyasi chini ya ng'ombe, na ilipokuja nailoni ya nyuzi ndefu zilizofurishwa, mwishoni mwa miaka ya 1950, pamba iliondoka bila kuagwa. Nailoni, au poliesta, au polipropilini, huja kiwandani katika sura ya chembe ndogo kama mtama. Huyeyushwa, na nailoni mojawapo inayotumika sana haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 260 hivi. Kisha ule ujiuji husukumwa kupitia bamba lenye matundu madogo madogo, kwa namna ileile ambayo unga wa tambi husukumwa kupita katika kinu chake, zikatoka nyuzi nyembamba nyingi, zikapozwa kwa upepo, zikavutwa zirefuke na kupata nguvu, zikapigwa kwa mvuke au hewa ya moto zijikunje na kufura, maana uzi ulionyooka sana haujazi zulia. Poliesta nyingine hapo kwanza ilikuwa chupa za maji na soda, zilizosagwa na kuyeyushwa upya. Na sioni aibu kukanyaga chupa niliyoinywea.

Baada ya hapo nyuzi mbili husokotwa pamoja, na msokoto huo sharti ufungwe, la sivyo ncha iliyokatwa itafumuka na zulia litaonekana limechakaa kabla ya mwezi kuandama. Jinsi unavyofungwa msomaji wa kike hana haja ya kufundishwa, kwa kuwa aliyepata kusukwa rasta anajua kwamba msusi akimaliza huzitumbukiza ncha za nywele katika maji yanayochemka, na nywele zile za kiwandani, zikishapata moto na kupoa, hukumbuka msuko wake daima. Uzi wa zulia hupitishwa katika mvuke au hewa ya moto kwa sababu hiyohiyo hasa.

Kisha uzi hupelekwa kwenye kichanja. Hapo mgeni husimama kinywa wazi, kwa sababu mbele yake pana fremu za chuma zilizojaa koni za uzi, zaidi ya elfu moja, na kutoka kila koni uzi mmoja huingia katika mrija wake wa plastiki, na mirija yote hukusanyika juu na kwenda pamoja kama mizizi ya mvule mpaka kwenye mtambo. Kila koni ni ya sindano moja. Hesabu yake ni sahali: ikiwa mtambo una upana wa futi 12, nazo ni inchi 144, na sindano zimepangwa umbali wa moja ya nane ya inchi, basi kuna sindano 1,152, zote zimeshikwa katika boriti moja, zote zikishuka na kupanda kwa pamoja. Hapo nikaelewa mstari wa mjukuu wangu. Uzi ule ulitoka katika koni moja, ukapita katika sindano moja, ukaenda moja kwa moja urefu wa zulia zima bila kuzungumza na jirani yake wa kushoto wala wa kulia. Na mtoto alipouvuta hakuharibu kitu, alirudisha nyuma tu kazi ambayo sindano iliifanya.

Kinachofanyika chini ya boriti ile nitakieleza taratibu, ingawa mtambo haukifanyi taratibu. Kitambaa cha msingi, ambacho zamani kilikuwa cha juti ya Bengali na sasa aghalabu ni cha utepe wa polipropilini uliofumwa, hupita kimelazwa kama ubao. Sindano hushuka ikakitoboa, ikausukuma uzi upande wa chini. Kabla haijapanda, kulabu ndogo ya chuma iliyojificha chini ya kitambaa hupita ubavuni mwake na kuupokea uzi. Sindano hupanda mikono mitupu, kitanzi kikabaki kimeshikwa. Kitambaa husogea hatua moja fupi, kulabu hurudi na kukiachia kitanzi, na sindano huwa imekwisha kushuka tena. Ikitakiwa zulia la manyoya yaliyokatwa, kama yale wauzaji wanayoyaita kapeti la manyoya, kulabu hugeuzwa itazame upande wa pili, isiweze kuachia. Vitanzi hujipanga shingoni mwake kimoja nyuma ya kingine, na kisu kilichobanwa ubavuni hukikata kila kinachofika zamu yake. Na ikitakiwa mapambo ya mabonde na vilima, mtambo huamriwa kuinyima sindano uzi kwa hatua kadhaa, nayo, kama mtu aliyepungukiwa mwisho wa mwezi, huenda kukopa kwa kitanzi kilichotangulia, kikafupika. Bonde la zulia ni deni lililolipwa na jirani.

Anayeijua cherehani ataona mara moja kinachokosekana. Cherehani ina nyuzi mbili, wa juu wa sindano na wa chini wa bobini, na katika kila hatua hizo mbili hukumbatiana, ndiyo maana mshono wa shati haufumuki kwa kuvutwa. Mtambo wa zulia hauna bobini. Una uzi wa juu peke yake, unaoingia na kutoka katika kitambaa bila kukumbatiwa na yeyote, na kwa kukosa mkumbatio huo umepata kasi ambayo hakuna mfumaji awezaye kuifuata: tuseme mtambo wapiga mara 1,000 kwa dakika, na kila inchi ina hatua nane, basi zulia hutoka zaidi ya mita tatu kwa dakika, nayo ni vishungi milioni moja na laki moja na nusu hivi, yaani sebule ya mtu wa kawaida, ambayo fundi hodari wa Kiajemi, afungaye mafundo elfu nane au kumi kwa siku, angeimaliza kwa miezi kadhaa ya kuinama, hukamilika kabla chai haijapoa kikombeni. Naandika hili kwa staajabu, wala si kwa furaha kamili.

Kuna jambo jingine la ajabu katika mtambo huu, nalo ni kwamba zulia huzaliwa kifudifudi. Uso wake umeelekea chini, na mfanyakazi aliyesimama mbele ya mtambo hauoni. Auonao ni mgongo, safu baada ya safu ya hatua za uzi, na ni katika mgongo huo anapotambua kwamba sindano fulani imevunjika au koni fulani imekwisha, kwa kuwa mstari mmoja umekatika. Zulia likishatoka hupitishwa kwa wakaguzi, ambao hujaza mistari iliyorukwa kwa chombo cha mkononi chenye sindano moja, mfano wa bastola, wakishona mmoja mmoja kile ambacho mtambo ulikosa.

Juu ya rangi sitakawia. Polipropilini haikubali rangi ya maji, basi hutiwa rangi ingali ujiuji, kabla ya kuwa uzi, na rangi hiyo huwa ndani yake mpaka moyoni, kama wekundu wa karoti. Nailoni hukubali, na aghalabu hushonwa nyeupe kisha huchovywa au kunyunyiziwa rangi, ikapigwa mvuke, ikaoshwa na kukaushwa. Mwenye duka huipenda njia hii ya pili, kwa sababu kiwanda huweza kuweka zulia jeupe ghalani na kulitia rangi mteja atakayoitaja.

Tuyarudie yale ya mgongo, maana ndiko tunakokwenda. Zulia linalotoka chini ya sindano ni kama kitandiko cha Catherine kabla ya maji ya moto: la kupendeza, na la kuchomoka. Polipropilini hairudi kama merikani, kwa hiyo hila ya kuchemsha haifai. Mahali pake pameshikwa na gundi ya mpira wa kutengenezwa, iliyochanganywa na chokaa ya mawe yaliyosagwa yakawa unga, na uwiano wake utamshangaza mnunuzi, kwa kuwa uzito wa unga wa mawe hupita ule wa mpira mara kadhaa. Ule unga mweupe uliodondoka chini ya ukucha wa fundi wangu ulikuwa mlima uliosagwa. Gundi hiyo hupakwa mgongoni kwa rola, ikapenya katikati ya nyuzi. Kitambaa cha pili hubandikwa juu yake, ndicho kile chenye matundu kama wavu ambacho sote tumekiona chini ya zulia. Viwili hivyo hubanwa pamoja na kuingizwa katika tanuri refu, maji yakakauka, mpira ukaiva, na vishungi vikafungwa. Mwishoni zulia hupita kwa vinyozi, visu vya duara vinavyozunguka kama vya mashine ya nyasi, vikasawazisha manyoya. Hukunjwa juu ya bomba la karatasi ngumu, likavikwa plastiki, likapakiwa.

Harufu ya zulia jipya, ambayo wengine huiita harufu ya utajiri, haitoki katika manyoya. Hutoka zaidi katika gundi ile ya mgongoni, nayo hupungua kwa siku chache ikiwa madirisha yamefunguliwa.

Nisifiche kwamba kile kilichotibu udhaifu wa zulia hili ndicho kilichokuwa msiba wa mazishi yake. Zulia likichakaa, nailoni yake ingeweza kuyeyushwa upya, na polipropilini yake pia, lakini vyote vimegandamana na mpira na mawe hata kuvitenganisha ni gharama kuliko kufanya vipya, ndiyo maana mengi huishia kufukiwa jalalani. Mwaka 1994 Ray Anderson, aliyeanzisha kampuni ya Interface katika jimbo lilelile la Georgia, kampuni inayofanya zulia la vipande vya mraba, alikisoma kitabu cha Paul Hawken juu ya biashara na mazingira, akatangaza mbele ya watu wake kwamba yeye mwenyewe amekuwa mporaji wa dunia, na kwamba kiwanda chake sharti kibadilike. Alifariki mwaka 2011 akiwa bado katika kazi hiyo. Na katika mto Conasauga, unaopita karibu na Dalton, zimekutwa kemikali zile zilizotumika kwa miaka mingi kuyafanya mazulia yasishike madoa, kemikali ambazo hazioozi, na kesi zake zimefika mahakamani. Mwanamke aliyechemsha merikani hakuacha kitu mtoni ila maji ya moto. Catherine, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Catherine Evans Whitener, aliishi mpaka 1964, kwa hiyo aliiona mitambo. Kama aliipenda, mimi sikuwapo kumwuliza.

Nina neno kwa msomaji anayekwenda dukani, na nalisema kwa sababu nilikwenda mimi mara ya kwanza nikanunua kwa macho. Muuzaji atakufunulia uso wa zulia, atapitisha kiganja juu ya manyoya, atakutajia bei kwa mita, na kama ni hodari atakuambia uvue viatu ukanyage. Usikanyage kwanza. Mwombe pembe, uipinde uso nje, manyoya yaachane, uangalie mistari ya sindano kama imekaribiana au imeachana, maana nafasi hiyo ndiyo idadi ya vishungi unavyolipia, na hapo hudanganyiki, ila uzito waweza kukudanganya kwa kuwa mawe ni mazito. Pinda zaidi usikilize: ukisikia mgongo ukilia kama biskuti na unga ukadondoka, chokaa imezidi mpira, au mpira umekufa ghalani. Kisha shika kitanzi kimoja ukingoni kwa kucha mbili, kwa ruhusa ya mwenye mali, ukivute kwa heshima. Kikitoka kwa urahisi, rudisha pembe chini, mshukuru, toka.

Na ukishanunua, weka mkasi karibu, mbali na wajukuu. Zulia langu fundi alilitia gundi mpya katika mstari ule, akarudisha uzi kwa sindano ya mkono, hatua baada ya hatua, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kwa urefu wa mita tatu tu. Akajinyosha mgongo, akanidai elfu thelathini. Nilimpa bila kuomba apunguze.